Ukitaka kujua watu wa Mombasa wanaonaje kuhusu kutoa mimba, usiwaambie wainue mikono

Kwetu Majengo wananiita Bi Kunde. Jina nimelipata kazini, nitaeleza lilivyokuja. Kazi yangu ni kukalisha watu mkekani wazungumze mambo ambayo majumbani hayasemwi, na mwisho nijue wanaonaje bila kujua nani kasema lipi. Nilianza kama karani wa kuhoji nyumba kwa nyumba, karatasi mkononi, jua la saa saba kichwani. Siku hizi vikundi vya akina mama na vijana wa vyuo hunijia wakitaka kuandaa baraza kuhusu kutoa mimba, na swali lao ni lile lile: "Bi, kwani watu watasema kweli?" Watasema, ukiwawekea njia. Usipowawekea watakwambia kile jirani anachotaka kusikia, nawe utarudi kwenu umejaza daftari uongo.

Mimi nililijaza. Ilikuwa Kisauni, ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki vimepangwa kama vya arusi, wake kwa waume, mabinti na mama zao. Nikasimama mbele nikauliza: "Nani anaunga mkono kutoa mimba?" Kimya. Feni inalia juu. Msichana mmoja wa buibui akaanza kuinua mkono, ukafika usawa wa bega, akamwona mamake mdogo upande wa pili, basi mkono ukapanda kichwani ukatengeneza mtandio. Nikauliza nani anapinga. Mikono ukumbi mzima, na mzee mmoja akainua yote miwili. Nikaandika: wote wanapinga.

Jioni, nikingoja matatu, wanawake watatu walinifuata mmoja mmoja. Wa tatu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote mle ndani kwamba ni dhambi na hakuna mjadala. Alisimama kando yangu kama anayengoja gari pia, akasema, bila kunitazama, kwamba dadake alivuja damu chumbani siku mbili na hakuna aliyethubutu kumpeleka hospitali kwa kuogopa polisi. Akazikwa ikasemwa ni malaria. Kisha akapanda matatu ya Bamburi, na nyumba yake haiko Bamburi.

Alikuwa bado anaamini ni dhambi, na hilo lazima ulielewe kabla ya kuandaa chochote. Anaona ni dhambi, na anaona dadake hakustahili kufa. Swali langu lilimpa nafasi ya jibu moja tu.

Chuja maneno yako kwanza

Kaa na daftari usiku mmoja kabla, uandike kila neno utakalotumia, kisha lisome kama wewe ni mke wa imamu, halafu kama binti wa miaka kumi na saba. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja limeshahukumu kabla hujamaliza kulitamka. "Kuua mtoto" umefunga kesi. "Kuavya" ni neno la redio na vitabu, mkekani watu watakutazama tu. "Kuharibu mimba" lina lawama ndani yake, lakini "mimba imeharibika" halina, hiyo ni kazi ya Mungu. "Kusafishwa" ni neno la hospitali, na wanawake hulipenda kwa sababu linafunika yote mawili: iliyotoka yenyewe na iliyotolewa. Ukisikia mtu anasema "nilisafishwa", usimuulize ilikuwaje. Amechagua neno hilo makusudi.

Mimi hutumia "kutoa mimba" kwa tendo, na "mimba" kwa kilichomo tumboni. Sisemi kijusi, maana masikioni mwa watu kinakaribiana mno na najisi, wala sisemi mtoto. Mtu akisema mtoto simkosoi, ni haki yake. Ila mwongozaji ukishasema mtoto umeegemea upande, na ukisema kijusi umeegemea wa pili.

Usiulize "unakubali au unakataa". Hata Marekani, wanakopima maoni haya kila mwaka kwa makini, takriban watu 6 kati ya 10 husema iwe halali katika hali zote au nyingi, lakini ukiwauliza kuhusu miezi ya mwisho ya mimba wengi wao hao hao hurudi nyuma. Swali moja haliwezi kubeba mizigo yote hiyo. Uliza kwa kisa.

Visa vyangu, na kwa nini viko hivyo

Huwa natumia vitatu. Cha kwanza ni mama wa watoto sita, presha imempanda, daktari anamwambia kifafa cha mimba kinamnyemelea na huenda asitoke leba. Cha pili ni msichana wa darasa la nane aliyebakwa na mtu wa nyumba hiyo hiyo. Cha tatu ni mwanafunzi wa chuo, mvulana kazima simu, mimba wiki ya saba.

Usiwape majina. Niliwahi kumwita wa pili Mwanasiti, na palikuwa na Mwanasiti watatu mkekani. Usiwape mtaa pia wala kabila. Ukitaja tu kwamba msichana ni Mgiriama au ni wa bara, mjadala utahamia huko na hutaurudisha.

Anza na cha mama mwenye presha. Karibu kila anayekaa mkekani kwangu, Mwislamu au Mkristo, husema mama aokolewe. Waache waliseme kwa sauti, wasikiane wakilisema. Watu ambao nusu saa iliyopita wangeapa kwamba hakuna ruhusa hata moja huwa wameshakiri kwamba ipo, na sasa wanabishana ni ipi. Ukianza na mwanafunzi wa chuo utaambulia hotuba kuhusu maadili ya vijana, na saa yako imekwisha.

Punje

Siku hizi mikono siitaki. Nilijaribu kadi za manila, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, mzee mmoja wa Likoni akaniuliza kama tunarudia kura ya Katiba ya mwaka 2010. Alikuwa na haki: kijani na nyekundu ndizo zilikuwa rangi za Ndiyo na Hapana. Nikahamia choroko na njugu mawe ndani ya kopo. Kosa jingine. Njugu mawe ikianguka koponi hugonga, choroko huteleza. Kulikuwa na nyanya mmoja asiyeona vizuri lakini masikio yake ni ya paka, kila punje ikianguka anatikisa kichwa, nami nikamwona anahesabu ya mkwewe.

Sasa natumia kunde, nyeupe na za kahawia, ukubwa mmoja, nanunua Kongowea. Vikapu viwili vya ukili, ndani nimetandika leso iliyochakaa ili punje isilie. Kila mtu anapewa punje mbili, moja ya kila rangi. Anazitazama chini ya mtandio au ndani ya kofia, anashika moja kila mkono, na ni yeye tu anayejua ipi iko wapi. Kisha anaingiza mikono yote miwili kwa pamoja: ya jibu kikapu cha mbele, iliyobaki kikapu cha nyuma. Hicho cha nyuma wengi hukisahau. Bila hicho mtu anarudi kwenye nafasi yake na punje moja kiganjani, na jirani atataka kuiona.

Asiyeona vizuri mwekee mwenyewe nyeupe mkono wa kulia, umwambie sikioni. Usimwachie mjukuu.

Rangi zina maana moja tu kwa kila kisa: nyeupe, "aachiwe yeye na daktari wake", kahawia, "asitoe". Rudia maneno hayo hayo kila mara, usipambe. Ukishamaliza, mwaga kikapu cha mbele juu ya sinia, hapo hapo, mbele ya wote. Usihesabu kwanza. Waache watazame. Kwenye kisa cha mwanafunzi sinia huwa kahawia, ndivyo ninavyoona kila ninakokwenda. Lakini kwenye kisa cha yule msichana wa darasa la nane nimeshaona mkeka ambao mikono, nilipoijaribu kwanza, ilikuwa miwili tu, na nyeupe zikafunika sinia. Mlango ulifungwa, hakuna aliyeingia, na kila mmoja anamtazama mwenzake akijiuliza nani.

Hapo ndipo maneno huanza. Nyamaza. Mimi huinuka nikamimina kahawa.

Mahali, saa na nani asiwepo

Si msikitini, si kanisani, si ofisi ya chifu. Nyumba yenye ua ni nzuri kuliko ukumbi. Baada ya alasiri, mkimaliza kabla ya magharibi. Ijumaa na Jumapili ziache, na Ramadhani isahau kabisa. Wanawake watu wazima peke yao, mabinti peke yao, wanaume peke yao. Mwambie mzee wa mtaa mapema, umweleze ni mazungumzo ya afya ya mama, kwa sababu ndivyo yalivyo, asije akasikia kwa watu kwamba kuna wanaofundisha wasichana kutoa mimba.

Wanaume wa maskani wana tabia yao: watakupeleka Washington. Watajua kesi ya Roe, iliyofanya kutoa mimba kuwa haki kote Marekani, ilikuwa 1973 na kwamba mahakama kuu ya kule iliitengua tarehe 24 Juni 2022, na hawajui bibi zao walijifungulia wapi. Wape dakika tano, kisha uwaulize jambo la Marekani linalotufikia hapa kweli, yaani masharti ya pesa. Tangu 1984, wakati wa Ronald Reagan, rais wa chama chake akiingia huweka amri kwamba shirika la nje linalopokea pesa za Marekani za uzazi wa mpango lisitoe huduma ya kutoa mimba wala kuitetea, hata kwa pesa zake lenyewe. Rais wa chama cha pili akiingia huifuta. Iliwekwa 2017, ikapanuliwa ikafika mpaka pesa za afya nyingine, ikafutwa 2021, ikarudi Januari 2025. Kliniki ya mtaani inaweza kufungua na kufunga mlango kwa kura ambayo hakuna mtu wa Mombasa aliyeipiga. Maskani hunyamaza hapo, maana hilo wanalijua kwa bei ya mafuta.

Sheikh na padri

Wengi huniambia sheikh na padri wasiitwe, wataua mjadala. Mimi naona usipowaita ndiyo umeuua, kwa kuwa kila mtu atasema kwa niaba yao na kila mtu atawakosea. Ila usiwaite pamoja kwenye meza moja ya mbele. Ukiwaweka hivyo kila mmoja anatetea bendera, na watu wanasikiliza nani kamshinda mwenzake.

Mwendee kila mmoja kwake, wiki moja kabla. Mpelekee visa vitatu kwa maandishi. Mwombe ajibu hivyo hivyo vitatu tu, na aseme wapi wanavyuoni wake wamekubaliana na wapi wamehitilafiana. Hilo la kuhitilafiana ndilo muhimu. Ustadh wetu wa kwanza alitaka kuja na hutuba tayari. Nikamwambia, "Ustadh, hutuba wanaipata Ijumaa. Hapa nataka darsa." Akacheka, akaenda kufungua vitabu.

Alivyokuja alilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Alianza na Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi 14, tone, pande la damu, pande la nyama. Akaja kwenye hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: siku arubaini, arubaini, na arubaini nyingine, kisha malaika anapuliza roho. Jumla siku 120. Baada ya hapo, akasema, wanavyuoni hawana nafasi ya kutoa isipokuwa uhai wa mama wenyewe umo hatarini. Kabla ya hapo ndipo pana maneno. Sisi pwani ni Mashafii, na hata ndani ya madhehebu yetu hawakusema kauli moja: Imam Ghazali, naye ni wetu, aliona ni kosa tangu mwanzo, na kosa hukua kadiri mimba inavyokua, wengine wakaacha mwanya wa siku za mwanzo penye sababu. Akataja pia baraza la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, la Makka, lililotoa uamuzi mwaka 1990 kwamba kabla ya siku 120 inaruhusiwa iwapo madaktari wamethibitisha kilema kikubwa kisicho na tiba. Kuhusu umasikini akasoma Al-Israa aya ya 31, msiwaue watoto wenu kwa kuogopa ufukara, na hapo hakulegeza.

Mama mmoja akauliza: "Na yule msichana aliyebakwa, ustadh?" Akanyamaza muda mrefu, mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema asingejibu mkekani, angetaka kumwona msichana, daktari na siku za mimba. Wengine waliona amekwepa. Mimi naona ndilo jibu la mtu mzito kuliko yote tuliyosikia siku ile.

Upande wa Wakatoliki usitegemee hitilafu ya siku. Kwao uhai unaanza mimba inapotungwa, basi. Padri atasema hivyo na asikilizwe. Lakini muulize kuhusu mwanamke ambaye limeshatokea. Wengi wa waumini wake hawajui kwamba Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote ruhusa ya kudumu ya kumwondolea dhambi hiyo anayetubu, wakati zamani sehemu nyingi jambo lilipelekwa kwa askofu. Katekista mmoja wa Changamwe alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mwanamke wa safu ya nyuma akavua miwani akaifuta kwa upindo wa leso, akaivaa, akaivua tena.

Wachungaji wa makanisa mengine kila mmoja na lake. Usimwite mmoja ukasema amewasemea Waprotestanti.

Na usikose mwanamke kati ya wanaosemea dini. Mwalimu wa madrasa ya wasichana ni bora kuliko masheikh watatu, kwa sababu yeye huulizwa maswali ambayo masheikh hawaulizwi.

Katiba isomwe, isisimuliwe

Andika kifungu cha 26(4) kwa herufi kubwa, ubandike ukutani, ukisome polepole mara tatu. Kwa Kiswahili cha mkekani nasema hivi: kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kisha weka kidole kwenye "au afya". Neno hilo ndilo watu husimulia wakaliruka. Husema "mama akiwa anakufa", lakini kifungu kinasema uhai *au* afya. Anayepinga kifungu hukipinga kwa sababu ya neno hilo, na anayekitetea hukitetea kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo wacha wagombane juu ya kilichoandikwa.

Soma pia juu yake, 26(2), kwamba uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Usikifiche kwa kuwa hakikupendezi. Nimeona mwongozaji akikiruka na kijana akakisoma kwenye simu yake kwa sauti. Baraza likaishia hapo.

Mtaalamu ni nani? Sheria ya Afya ya 2017 inasema ni mwenye mafunzo ya ngazi ya daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya mimba, mwenye leseni halali. Bibi wa mizizi hayumo, wala muuza dawa wa dirishani. Halafu waeleze kwamba Kanuni ya Adhabu iko pale pale: kifungu cha 158, anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14, cha 159, mwanamke mwenyewe, miaka 7, cha 160, anayempa dawa au kifaa, miaka 3. Watu wanaishi katikati ya Katiba na Kanuni hiyo, na polisi wanajua zaidi hiyo ya pili.

Kesi ziwe mbili, si zaidi. Juni 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilisema wizara ya afya ilikosea ilipoondoa miongozo ya 2012 ya kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama. Kesi hiyo ilianza na msichana aliyebakwa 2014, akatolewa mimba ovyo, akafariki 2018. Na Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi, Mahakama Kuu Malindi, katika kesi ya msichana wa Kilifi na mhudumu aliyemtibu, alisema huduma hiyo ni haki chini ya Katiba na kukamatwa kwao hakukuwa halali. Hiyo ya pili ilikatiwa rufaa, basi asubuhi ya baraza mpigie wakili umuulize imefika wapi kabla hujafungua mdomo.

Siasa: rudi 2010

Ukitaka watu wazima wafunguke, waulize walipiga nini tarehe 4 Agosti 2010. Mimi nina kisa cha nyumbani. Mamangu, Allah amrehemu, na jirani yetu wa Mikindani, mama Mkristo aliyekuwa akituletea chapati kila Idi, walibishana kuhusu rasimu moja ya Katiba mpaka wakanuniana. Kwa jirani rasimu ilikuwa ya kutoa mimba: kanisani walikuwa wamesomewa kifungu cha 26 kila Jumapili, na Kadhi akatajwa kama nyongeza. Kwa mamangu rasimu ilikuwa ya Mahakama ya Kadhi, na kifungu cha 26 hakukijua. Nikamuuliza, "Mama, na hili la mimba?" Akasema, "Lipi hilo? Mimi nalinda mirathi."

Makanisa makubwa yalisimama Hapana, William Ruto akiongoza kambi hiyo. Kibaki na Raila walikuwa Ndiyo. Viongozi wengi wa Kiislamu pwani wakawa Ndiyo kwa ajili ya Kadhi. Ndiyo ikapita kwa karibu asilimia 67. Kwa hiyo mtu akikwambia Wakenya walipigia kura kutoa mimba, au walikataa, mwambie mamangu alipiga Ndiyo akifikiria nyumba ya Kuze. Na Kiswahili chenyewe kinatuchanganya: kura ya maoni ni ile ya 2010, na kura ya maoni ni ile ya karani mwenye karatasi mlangoni. Mamangu aliwafungia mlango makarani mwezi mzima akidhani kila mmoja anataka kura yake ya pili.

Mwanasiasa akijialika, asalimie, akae. Asipewe kipaza sauti. Mwaka wa uchaguzi usifanye baraza hili kabisa.

Atakayebaki nyuma

Kila mara kuna mmoja anayebaki kukunja mkeka ambao hujamwomba akunje. Panga mapema utamwambia nini, kwa sababu si wakati wa kufikiri. Usiulize alifanya nini. Kama anavuja damu anajaza pedi mbili ndani ya saa moja, saa mbili mfululizo, au ana homa, au kuna harufu mbaya, aende hospitali sasa hivi, si kesho. Katiba kifungu cha 43(2) inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kumtibu aliyeharibikiwa na mimba, iwe ilitoka vipi, ni halali. Kama amebakwa, hospitali ya Coast General pana kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Afike ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, asikoge kwanza kama bado hajaoga, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Weka nauli pembeni, bahashani, kwenye bajeti uiandike "usafiri". Nenda naye kama hana mtu.

Halafu daftari. Usiandike majina, hata yako. Andika tarehe, mtaa, kikundi, kisa, nyeupe ngapi, kahawia ngapi. Chini andika neno moja au mawili uliyoyasikia kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha. Nina daftari za miaka, na ninazozisoma tena ni hizo mistari ya chini: "mimi nalaani lakini nitamfungulia mlango", "dhambi ni yake, mtoto ni wetu", "mbona hakuna anayemtafuta mvulana".

Kunde usizipike. Si mwiko, ni kwamba zimeshikwa na mikono mingi. Zibadilishe kila miezi mitatu, za Kongowea huingia dumuzi upesi, na punje yenye tundu mtu ataitambua kikapuni.